Kikundi: UKOO WETU KIRUMBA 🐟

Kulwa: Shikamooni wakubwa. Nani alienda mkutano wa kampeni uwanja wa Furahisha jana?

Shangazi Pendo: Marahaba. Mimi nilikuwepo, sauti imekauka. Yule msanii alivyopanda jukwaani watu walipagawa!

Kulwa: Na mgombea alisema nini?

Shangazi Pendo: Mgombea alicheza 😂 Alicheza vizuri jamani, msimnyime haki yake.

Doto: Alisema nini, shangazi?

Shangazi Pendo: Spika zilikuwa zinakoroma.

Doto: Nimemaliza bando kwenye video ya hao wa mtandaoni. Viatu vya mgombea wamevivuta karibu mpaka nembo inasomeka. Alipofika kwenye habari za mwalo wakaweka muziki juu ya hotuba. Dagaa wanaoza kila mvua ikinyesha kwa kukosa vichanja vya kuanikia, sisi tunaonyeshwa viatu!

Mjomba Masanja: Ndiyo maana nasema wasanii wakae na muziki wao. Siasa wanaijulia wapi?

Doto: Hapo sikubali, mjomba. Bibi Titi alikuwa mwimbaji wa ngoma ya Bomba kule Dar, na mwaka 1955 ndiye aliyeongoza akina mama wa TANU. Sugu, yule wa rap, kakaa bungeni miaka 10 kwa ajili ya Mbeya Mjini. Mwana FA, naye wa rap, kaingia bungeni kwa Muheza 2020, na 2023 akawa naibu waziri.

Mjomba Masanja: Na Weah? Mchezaji bora wa dunia 1995, akapewa urais wa Liberia 2018. Wakamtoa.

Doto: Walimtoa kwa kura za 2023, mjomba, baada ya kumwona akifanya kazi. Ndivyo inavyotakiwa. Mimi namlaumu mtangazaji. Juzi mgombea kakaa redioni saa nzima anaulizwa Simba au Yanga, na mkewe anapika nini. Mgombea gani atakataa maswali ya hivyo?

Rehema: Nimewasoma. Haya, mimi wa redioni nijibu. Tulipandisha habari ya bei ya dagaa, ikatazamwa na nyie na majirani zenu. Tukapandisha mgombea anacheza, simu ya mhariri ikawa moto. Matangazo ya biashara yanafuata huko huko, na mshahara wangu unatoka huko.

Rehema: Halafu kile kipande cha kucheza kimeingia humu saa tatu usiku. Nani alikituma? 👀

Shangazi Pendo: Mimi nilitumiwa tu nikapitisha.

Kulwa: Kwenye kikundi cha kwaya pia ulipitisha 😂😂

Rehema: Jumanne anakuja studio kwetu. Nipeni swali, nitauliza mwenyewe.

Shangazi Pendo: Muulize vichanja vya mwaloni vitajengwa lini, na kwa hela ya nani. Asikwambie "tutaangalia". Mvua zikianza mimi namwaga dagaa ndoo kwa ndoo, kuku wenyewe wamechoka kuwala.

Doto: Hilo ndilo!

Rehema: Nimeandika. Ila muda ni mfupi, tumemweka pamoja na msanii mmoja.

Shangazi Pendo: Msanii gani?