Wauza fulana, acheni kusingizia mende! Hivi vitobo vya kitovuni ni kitambaa chenu

Wakuu, leo mnivumilie, nimekuja na hasira.

Nimenunua fulana Kariakoo, dukani kabisa, si zile za kumwagwa kwenye turubai. Muuzaji akaapa: "Kaka, hii kotoni asilimia mia, utaichoka mwenyewe." Mvua za msimu hazijaisha, kila fulana ina vitobo mbele, usawa wa kitovu. Vidogo mno, viwili vitatu vimekaa pamoja, ukifua vinapanuka. Nimezirudisha, kijana ananijibu huku macho yake yakiwa kwenye simu: "Bosi wangu, una mende nyumbani. Kanunue dawa."

Yaani hela yangu nimetoa, halafu nyumba yangu inatukanwa mbele ya wateja!

Haya, tuseme ni mende. Kabati hilo hilo lina khanga za mama watoto, sare za watoto, mashuka. Ni mende gani huyo anayeruka vyote hivyo afuate fulana, tena mbele tu, tena usawa wa kitovu tu? Mgongoni hamna kitu. Mikononi hamna kitu. Jezi yangu ya Yanga, polista tupu, inaning'inia katikati yao na haijaguswa. Au mende wangu nao ni Wananchi? Mende akitafuna nguo hufuata doa la chakula, jasho au wanga, na hutafuna popote alipolikuta.

Shangazi yeye kasema nondo. Nondo anayeruka hali nguo, anayekula ni kiwavi wake, na chakula chake ni sufu, hariri na manyoya. Kotoni safi haimsaidii kitu.

Jirani akasema jiki. Jiki nyingi kweli huozesha kotoni, lakini eneo lote hupauka na kulegea, ukikamua linachanika. Maji ya betri? Hayo ni hatari zaidi, unarukiwa leo huoni kitu, nguo ikifuliwa ndiyo matundu yanatokea. Ila matone ya betri hutapakaa hovyo, hayajipangi usawa mmoja kila fulana. Na cheche ya pasi ya mkaa huacha ukingo wa kahawia. Vitobo vyangu havina.

Nikazitandika zote kitandani, nikavaa moja, nikafunga mkanda. Vitobo vimekaa sawasawa juu ya bizimu ya mkanda na kifungo cha chuma cha jinzi! Kila ukiegemea meza, kaunta ya duka au ukuta, kitambaa kinabanwa kati ya chuma na kitu kigumu, kinasagwa. Ukifunga mkanda wa gari ni yale yale. Mama watoto hafungi mkanda, lakini huvaa jinzi na husimama kwenye sinki, na blauzi zake zimetoboka pale pale tumbo linapogusa ukingo. Fulana imefumwa kwa vitanzi, uzi mmoja ukikatika vitanzi vya jirani vinafumuka. Ndiyo maana kitobo hakionekani siku ile, kinaonekana baada ya kufua.

Najua mtakachosema: basi kosa ni la mkanda wako. Subirini. Nina fulana ya mtumba, ya buku mbili, nzito. Nimeivaa na mkanda huo huo, jinzi hiyo hiyo, kazi hiyo hiyo. Haina hata kitobo kimoja! Chuma hakijabadilika, kilichobadilika ni kitambaa. Hizi mpya ukiinua kwenye mwanga unahesabu vidole vyako upande wa pili. Fulana nzito huwa na gramu 180 kwenda juu kwa mita ya mraba, ikishuka chini ya 140 hiyo ni nyepesi. Muulize muuzaji gramu ngapi, anakutazama kama umemuuliza bei ya kaburi. Lebo inasema "kotoni" basi, na kotoni nyembamba nayo ni kotoni.

Sasa ninyi mnaoagiza kwa jumla, na najua mmo humu: kwa nini uzito hamuuandiki? Nyembamba uzeni, wako watu wanaitaka kwa joto hili la Dar, lakini semeni ni nyembamba na bei iwe ya nyembamba. Na wakuu, mwenye kulijua duka linalotaja gramu, hata kama liko Mwanza au Arusha, aliweke hapa, nauli ya mzigo nitalipa mwenyewe.