MREJESHO: Stempu za babu zilizogandana kwenye daftari

Habari zenu wakuu. Mtakumbuka niliuliza namna ya kuokoa stempu alizoacha marehemu babu, zilizogandana kwenye daftari kwa unyevu wa pwani. Mlinishauri nisibandue kwa kucha, bali nikate karatasi kuzizunguka na kuziloweka kwenye maji ya uvuguvugu. Zisizotumika mlisema nisizitie maji kabisa, zisije zikapoteza gundi.

Nimefanya hivyo, na nawashukuru kwa moyo wote. Baada ya kama nusu saa, zile za Kenya, Uganda na Tanganyika zenye picha ya Mfalme George VI zilianza kuteleza zenyewe. Moja imeharibika: ilikuwa bado kwenye kipande cha bahasha nyekundu, rangi ikavuja ikaingia pembeni kote. Za bahasha za rangi lowekeni peke yake, jamani.

Sasa lililonifanya nishindwe kulala. Imetoka stempu ya Zanzibar ya 1961, Sultan Abdulla bin Khalifa, na juu yake JAMHURI 1964 kwa wino mweusi, mshazari. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 stempu za Sultani ziligongwa muhuri wa maneno hayo kwa mkono, kisha zikaja zilizopigwa chapa kiwandani. Hii wino wake umekolea upande mmoja na kufifia mwingine, kwa hiyo nahisi ni ya mkono. Ila najua mihuri hiyo hughushiwa, nitaipeleka kwa mtaalamu kwanza.

Siuzi. Babu alikuwa Unguja mwaka ule.