Mjadala: Dodoso la Ufaransa la watoto wenye baridi yabisi litumike Lubumbashi?

Mleta mada

Ndugu zangu, naomba tulijadili hili kwa uwazi. Mzazi wa mtoto mwenye baridi yabisi hupewa kliniki dodoso liitwalo CHAQ, la kupima jinsi mtoto anavyomudu shughuli za kila siku, lililochapishwa Marekani mwaka 1994. Lina maswali 30 katika mafungu manane, kuanzia kuvaa na kula hadi kutembea na kushika vitu, na kila swali lina alama 0 (bila shida) hadi 3 (hawezi). Mwaka 2001 mtandao wa madaktari wa PRINTO, wenye makao Genoa, Italia, ulilirekebisha kwa nchi 32. Ufaransa ilipata lake, na Waswisi wanaosema Kifaransa wakapata lao. Je, familia ya Lubumbashi au Bujumbura ijibu lile la Ufaransa?

Nasema hapana, na sababu yangu ni ya kihesabu. Alama ya fungu ni ile ya swali lililomshinda mtoto zaidi, kisha mafungu manane hutafutiwa wastani. Kwenye fungu la usafi wa mwili kuna swali la kuingia na kutoka kwenye bafu la kujilaza. Mama anayemwogesha mwanawe kwa ndoo uani akijibu "hawezi", kwa kuwa mtoto hajawahi kuliona, fungu zima linaruka hadi 3 na wastani unaongezeka kwa 0.375. Utafiti mwingine wa mwaka 2001 uliweka ulemavu mdogo kwenye 0.13 tu! Mtoto ambaye viungo vimetulia ataonekana mgonjwa, na methotrexate, dawa ya kutuliza ugonjwa huu, si ya kuongeza kwa kubahatisha.

Mchangiaji wa kwanza

Mleta mada, sikubaliani nawe. Fomu ina nafasi ya "haimhusu", mama aweke alama hapo. Halafu fikiria majaribio ya dawa. Tangu 1997 alama hii ni mojawapo ya vipimo sita vya kuamua kama dawa imemsaidia mtoto: angalau vitatu viwe bora kwa asilimia 30, na kisizidi kimoja kilichoharibika kwa kiwango hicho. Mkibadilisha maswali, mtoto wa Lubumbashi atalinganishwaje na wa Lyon? Watoto wetu wanahitaji kuingia kwenye majaribio hayo. Tusiwafungie mlango wenyewe.

Mchangiaji wa pili

Mimi ni mama, naishi Bruxelles, na mwanangu anaumwa magoti. Bafu tunalo, kwa hiyo hilo halinisumbui. Tatizo langu ni nani anayejibu. Dodoso linauliza kuhusu wiki iliyopita, na mimi narudi kutoka kazini asubuhi mtoto ameshakwenda shule. Anayemvalisha na kumwona akiamka amekakamaa ni mama mkwe wangu, mtu wa Bukavu, naye Kifaransa hakisomi. Fomu najaza mimi, na mengi nakisia. Kwetu sisi dodoso la Kiswahili lingefaa kuliko Kifaransa cha nchi yoyote.

Mleta mada

Dada yangu wa Bruxelles, hapo umegusa jambo ambalo sikuliweka kwenye hoja yangu, nami nakuunga mkono kabisa. Pole kwa kuuguza.

Kwako ndugu mchangiaji wa kwanza: "haimhusu" imewekwa kwa mtoto ambaye umri wake haujafikia tendo hilo. Na Waswisi walipopata lao, hakuna aliyewafungia mlango wa majaribio. Mafungu manane yabaki, alama zibaki, wastani ubaki. Kinachobadilika ni tendo linalopima kiungo kilekile. Kuchuchumaa chooni kunapima magoti na nyonga. Kukamua nguo kunapima viganja, na kufinyanga tonge la bukari (ugali) kunapima vidole vizuri kuliko kufungua pakiti mpya ya nafaka za asubuhi.

Njia ya kuanzia ipo. PRINTO walijaza fomu kwa watoto wazima pia, si wagonjwa peke yao. Tufanye hivyo Lubumbashi na Bujumbura kwanza: swali lolote linalomshinda mtoto mwenye afya na umri wa kutosha, basi limepima nyumba yake, halijapima viungo vyake, na hilo ndilo la kubadilisha.

Wauguzi na wazazi mnaozijaza fomu hizi, leteni orodha: ni maswali gani mnayaruka, na ni yapi mnayajibu kwa kukisia?