Mjadala: Unga wa mlonge wenye maandishi "hulinda vinasaba" uruhusiwe sokoni?

Kifaru wa Kibaha (mleta mada)
Wakuu, pakiti za unga wa mlonge siku hizi zinaandikwa "hulinda vinasaba, huzuia saratani". Mimi nasema maandishi hayo yapigwe marufuku. Ushahidi mwingi wanaoutaja unatoka kwenye kipimo cha Ames, yaani bakteria aina ya Salmonella waliolemazwa wasiweze kujitengenezea histidini, kirutubisho wanachohitaji, kwa hiyo huota tu pale vinasaba vyao vinapobadilika. Unawawekea kemikali inayoharibu vinasaba pamoja na juisi ya mmea, unawaacha saa 48 kwenye nyuzi 37, unahesabu makoloni yaliyoota. Yakipungua, unatangaza kinga. Kutoka hapo hadi kwenye ini la mtu ni mbali. Na isitoshe mlonge wenyewe watu wanauchemsha kama sukuma wiki, hadi chote kilichokuwemo kinapotea na mvuke.

Mama Bustani
Kaka, sukuma wiki imekukosea nini? Kinachopotea kwa mvuke ni kidogo. Vingi hubaki kwenye maji ya kuchemshia, yale yanayomwagwa. Na kosa kubwa liko kwingine: ndani ya jani glukosinolati, kemikali za asili za mboga hizi, hukaa mbali na kimeng'enya kinachoitwa mirosinasi. Ukikata jani ndipo vinakutana na kutoa isothiosianati, zile zenye ukali wa haradali. Moto mkali huua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi. Kwa hiyo osha majani kwanza, kata nyembamba, acha dakika 40, kisha kaanga haraka kwa maji kidogo. Kama umeshapika, nyunyiza unga wa mbegu za haradali baada ya kuepua, gramu 1 kwa gramu 200 za mboga. Haradali ina mirosinasi yake. Usiitie mboga ikiwa bado motoni, mirosinasi hiyo itakufa pia.

Mpima Sahani
Dada, hatua zako ni sahihi, ila usije ukasema sukuma ni sawa na brokoli. Glukorafanini, ile glukosinolati inayotoa isothiosianati iitwayo sulforafani, iko kwa wingi kwenye brokoli, hasa machipukizi ya siku tatu. Sukuma ina glukosinolati nyingine zaidi, sinigrini.

Kwako mleta mada: kipimo cha Ames hakina kosa, kosa liko kwa anayekisoma vibaya. Makoloni yanaweza kupungua kwa sababu juisi imewaua bakteria, na huko si kukinga. Ndiyo maana lazima uangalie utando hafifu wa bakteria nyuma ya makoloni. Ukiwa umetoweka au una matundu, tupa matokeo, punguza dozi, rudia. Na kama mmea una histidini nyingi, makoloni yataongezeka bila vinasaba kubadilika hata kimoja. Tena kwasetini, ile ya kwenye vitunguu inayosifiwa kila mahali, yenyewe hubadilisha vinasaba vya Salmonella aina ya TA98.

Mzee wa Mlonge
Sasa mnataka tuache na vitunguu? Nyie mkisoma karatasi mbili mnatukana chakula cha wazee. China, kule Qidong ambako sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka, ilikuwa inaua watu kwa saratani ya ini, walipewa maji ya brokoli na uharibifu wa vinasaba ukapungua kwa zaidi ya nusu. Wale walikuwa watu, si bakteria.

Mpima Sahani
Mzee wangu, umechanganya majaribio mawili. Lililopunguza kwa asilimia 55 lilikuwa la klorofilini, si la brokoli: watu 180, miligramu 100 mara tatu kwa siku, miezi minne, matokeo yakachapishwa 2001. Na klorofilini si jani la shambani, ni klorofili iliyotengenezwa kiwandani na kutiwa shaba. Inadhaniwa kwamba hunasa sumukuvu tumboni isipenye kwenda kwenye ini.

La brokoli lilikuwa na watu 200 kwa wiki mbili. Wastani wa uharibifu wa vinasaba kwa waliopewa brokoli na wasiopewa haukutofautiana.

Mzee wa Mlonge
Kwa hiyo mimi mwongo?

Mama Bustani
Hakuna aliyesema hivyo, baba. Ila sababu ya makundi ya lile jaribio kutotofautiana ndiyo ileile ninayoipigia kelele hapa: kinywaji kilitengenezwa kwa maji moto, mirosinasi ikafa, kazi ikaachiwa bakteria wa utumbo. Kila mtu akavuna kwa kiasi chake, kuanzia asilimia 1 hadi 45 ya dozi. Waliovuna zaidi ndio waliokuwa na uharibifu mdogo. Namna ya kuandaa ndiyo inayoamua! Hata unga wa mlonge, anayeutia kwenye uji unaotokota anajikosesha. Ukoroge kwanza na maji baridi, uache ukae, ndipo uutie kwenye uji uliopoa.

Kifaru wa Kibaha
Mmehamia jikoni. Swali langu ni maandishi kwenye pakiti. Finland waliwapa wavuta sigara vidonge vya beta-karotini miligramu 20 kila siku, wanaume 29,133 kwenye jaribio zima. Mwaka 1994 ikaonekana saratani ya mapafu imeongezeka kwa asilimia 18 kwa waliomeza. Nacho kilianza kama kitu cha kwenye karoti.

Mpima Sahani
Na tusitenge mbegu na majani. Mwaka 1989 watafiti wa Ufilipino walionyesha kwamba mbegu za mlonge zilizokaangwa zina kemikali zinazoharibu vinasaba vya panya. Pakiti inayoandika "mlonge" tu bila kusema ni jani au mbegu inadanganya tayari.

Mzee wa Mlonge
Hilo la mbegu nimelisikia na nalikubali liandikwe. Lakini niambieni, mnaokataza jani la bure, kwa nini hampigi kelele hivi kwa mahindi? Sumukuvu iliua watu Ukambani mwaka 2004, 125 kwa hesabu rasmi. Jani halijaua mtu.

Mama Bustani
Hapo niko na wewe kabisa. Ini ndilo linaloigeuza sumukuvu kuwa kitu kinachoshika guanini, moja ya herufi za vinasaba, na kuviharibu, na kupika ugali hakuiondoi. Kausha hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5, kwenye turubai, si kwenye udongo. Chambua zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zenye tundu la mdudu, maana sumu hujikusanya kwenye punje chache. Koboa kabla ya kusaga, na pumba zilizotoka usimpe ng'ombe wa maziwa, sumu hurudi kwenye kikombe cha mtoto.

Kifaru wa Kibaha
Na turubai nani anunue? Mkulima wa ekari moja akichambua debe mbili mbovu, mnunuzi hamlipi hata senti zaidi kwa zile safi.