Kubobea katika sheria ya miliki bunifu kwa aliyesoma sheria nje ya Marekani

Ndugu wanajumuiya, salaam.

Nilihitimu shahada ya kwanza ya sheria kabla ya kuja Marekani, na sasa nimepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili ya mwaka mmoja. Navutiwa na miliki bunifu, yaani haki juu ya kazi za akili, hasa hataza, ile haki anayopewa mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, lakini nimeambiwa kwamba asiyesoma sayansi hana chake huko. Naomba mwongozo wa waliotangulia.

---

Dada yetu, wa alaikum salaam, na hongera kwa nafasi uliyoipata.

Uliloambiwa ni kweli, ila ni nusu ya habari. Anayetaka kuwawakilisha wavumbuzi mbele ya Ofisi ya Hataza na Alama za Biashara ya Marekani, yaani kuwaandikia maombi ya hataza na kujibizana na wakaguzi, hutakiwa awe na elimu ya sayansi au uhandisi na afaulu mtihani wa ofisi hiyo, ambao ni mbali na ule wa uwakili wa jimbo. Hata mwenye sifa hizo, akiwa nchini kwa viza ya muda, hupewa kibali chenye mipaka kinachofuata masharti ya ruhusa yake ya kufanya kazi. Mlango unaokufungia ni huo tu. Wakili asiyejua fizikia anaweza kusajili alama za biashara katika ofisi hiyohiyo, kusimamia kesi za hakimiliki, kuandaa mikataba ya leseni, na hata kubishania hataza mahakamani akisaidiwa na mashahidi wataalamu.

Kwa hiyo usilikwepe somo la hataza. Mwishoni mwa kila hataza kuna madai yenye namba, yanayotaja mipaka ya kinacholindwa, na hapo ndipo kesi huamuliwa. Tuseme dai linataja chupa yenye kifuniko, chujio na vali. Mshindani akiuza chupa yenye kifuniko na chujio bila vali, wala kitu kinachofanya kazi ileile ya vali, kwa kawaida hajaingilia haki ya mwenye hataza, hata kama chupa zenyewe zinafanana kama mapacha. Usomaji wa namna hiyo ni kazi ya mwanasheria hasa, na mhandisi asiyezoea kupima maneno huweza kushindwa nao.

Jambo linalowaponyoka wengi ni uteuzi wa masomo. New York huruhusu baadhi ya waliosoma sheria nje kufanya mtihani wa uwakili baada ya shahada ya uzamili yenye krediti zisizopungua 24, lakini ndani yake lazima kuwe na maadili ya taaluma, utafiti na uandishi wa kisheria, utangulizi wa mfumo wa sheria wa Marekani, na masomo yanayotahiniwa. Ukizijaza zote miliki bunifu ili cheti kipendeze, utahitimu ukiwa mbobezi usiyeruhusiwa kukalia mtihani. Omba tathmini ya shahada yako mapema, kwa kuwa chuo ulichosoma ndicho kinachopaswa kutuma nakala ya matokeo moja kwa moja, na baadhi ya vyuo vyetu, tunavijua, havina haraka.

---

Naunga mkono, na kwa idhini ya kaka naongeza moja kwa dada anayefikiria kurejea Afrika. Hataza ina nguvu katika nchi ilikotolewa tu, kwa hiyo taratibu za ofisi ya Marekani hazitakusaidia sana kwingine. Mikataba ya kimataifa ya Paris wa mwaka 1883 (hataza na alama za biashara), Berne wa 1886 (hakimiliki) na TRIPS wa 1994 (miliki bunifu katika biashara) ndiyo utakayoitumia popote. Kwa mfano, TRIPS ndio unaozitaka nchi wanachama zilinde hataza kwa miaka isiyopungua 20 tangu tarehe ya maombi. Soma pia Itifaki ya Harare, inayomwezesha mwombaji kupeleka ombi moja la hataza ARIPO, shirika la miliki bunifu la kanda ya Afrika, na kuteua nchi wanachama kadhaa. Chuo cha WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la miliki bunifu, kina kozi ya msingi ya bure mtandaoni, nawe unaweza kuimaliza kabla muhula haujaanza.