Nasra na bwawa

*Kikundi: Watoto wa Bi Mkubwa*

Mama Nasra: Assalaam alaykum. Nasra katimiza miaka minne, nataka kumwandikisha klabu ya kuogelea. Moja iko Masaki, watoto wake wanarudi na medali. Nyingine iko hapa Mbezi, ya kawaida tu. Nishaurini.

Seif: Wa alaykum salaam. Masaki! Sophia Latiff si aliiogelea mita 50 Olimpiki ya Paris 2024 kwa bendera yetu? Na sisi tuna wetu 2036.

Da Rehema: Seif, mtoto analia akioshwa nywele 😂

Mama Nasra: Juzi jirani kaja kugonga, kadhani nampiga.

Baba Nasra: Mbezi hadi Masaki jioni, foleni ile? Atafika kalala.

Da Rehema: Wifi, achana na medali. Nenda siku ya mazoezi bila kuwaambia, kaa pembeni uhesabu vichwa. Wangu nilimpeleka mahali: kocha mmoja, watoto kumi na wanne, na simu mkononi. Mmoja akazama kimyakimya, maji hata hayajampita sana. Mama mmoja ndiye aliyejitupa na baibui lake. Watu wanangoja mayowe. Anayezama hiyo pumzi ya kupigia mayowe anaitoa wapi? Nilimtoa mwanangu siku ileile.

Mama Nasra: Ya Rabi. Kwa hiyo kocha awe na wangapi?

Da Rehema: Kwa umri wake, wanne hivi, na kocha awe NDANI ya maji, si juu na filimbi. Sakafu ya bwawa uione. Na ile harufu inayochoma macho si usafi, ni klorini imekutana na jasho na mikojo.

Seif: Umeshaniharibia Jumapili yangu.

Mama Nasra: Nimnunulie maboya ya mikononi?

Da Rehema: Yanachomoka. Halafu yanamzoesha kusimama majini, na kuogelea ni kulala. Waulize kwanza kama wanaanza na kuelea chali.

Bi Mkubwa: Kaka zangu walijifunza Forodhani, maji yakijaa, na dumu tupu. Mimi nilikaa ukutani nawashikia nguo. Mtoto wa kike haogelei, ndivyo tulivyoambiwa. Mpaka leo boti ikiyumba nasoma kila dua niijuayo. Mpelekeni popote, lakini ajue.

Seif: 😔 Hilo hukuwahi kutuambia, mama.

Bi Mkubwa: Hamkuuliza.

*Jumamosi*

Mama Nasra: Nimetoka Mbezi. Watoto saba, makocha wawili, wote majini. Nasra kagoma kuingia. Kocha hakumlazimisha, kamkalisha ukingoni wakapuliza mapovu nusu saa nzima. Kutoka ndiyo akalia, hataki kuondoka. Nimelipia mwezi mmoja.

Da Rehema: Hapo sawa. Na nguo ndefu wanakubali?

Mama Nasra: Wanakubali, mradi isiwe ya pamba, inalowa inamvuta chini.

Seif: Medali je?

Baba Nasra: Bwana, hajalowesha hata goti.

Bi Mkubwa: Msuke mabutu umpake mafuta ya nazi kabla hajaingia. Maji ya dawa yatamkausha nywele.