Naomba ushauri: jirani anaegesha gari anaposhukia mama mwenye kiti mwendo

Habari zenu wakuu. Tunaishi Ilazo, Dodoma. Mama anatumia kiti mwendo, na mbele ya geti kuna kipande tulichomwaga zege ili ashukie hapo kwenye gari. Pembeni ni mchanga mtupu, magurudumu yanazama. Jirani analaza Noah yake palepale, ukimwambia anajibu barabara ni ya serikali (na kwa hilo hakosei). Nimeongea naye kwa upole, mjumbe naye akaja. Alihamisha siku chache, akarudi.

Je, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inanisaidia kwenye mtaa wa makazi? Na kibali cha kuchora alama ya maegesho naanzia kwa mwenyekiti wa mtaa au TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini)? Polisi sitaki, huyu tunazikana.